Mapokezi haya ya Waanglikana wa Dodoma: ni ya kanisa au ni ya Wagogo?

Mgeni wa Ihumwa

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari zenu.

Mimi ni Msukuma wa Sengerema, nimeletwa Dodoma na uhamisho. Ofisi yetu ni moja ya zile zilizohamia Mtumba, nami nimepanga Ihumwa. Nyumbani sisi ni AIC, Africa Inland Church, tangu enzi za bibi. Huku nilikopanga, kanisa la kwenda kwa miguu bila kupanda bodaboda ni Anglikana, basi Jumapili nikajisogeza. Nikakaa benchi la mwisho karibu na mlango, ili ibada ikirefuka niweze kuchomoka.

Haikusaidia. Matangazo yalipofika mzee wa kanisa akasema wageni wasimame. Tukasimama mimi na jamaa mmoja wa Kibaigwa, tukataja majina, tunakotoka na tunakosali. Tukapigiwa makofi, kwaya ikatuimbia, watu wakatoka kwenye mabenchi kuja kutushika mikono. Nje ukaanza mnada wa sadaka za vitu: kuku, mayai, karanga, maboga, dumu la mafuta ya alizeti. Mama mmoja mtu mzima, simjui hanijui, akashindana bei na kijana fulani juu ya jogoo mpaka kijana akanyoosha mikono. Mama akalipa, kisha akanikabidhi mimi yule jogoo. "Mpelekee mkeo." Sina mke, ila jogoo nilimpokea.

Sasa naomba kueleweshwa. Kanisa hili lilianzaje huku? Maana nikipita barabara ya kwenda Kongwa kila kijiji naona kibao cha Anglikana. Halafu haya mapokezi ni utaratibu wa Waanglikana popote walipo, au ni tabia ya Wagogo? Na mtu wa AIC anaruhusiwa kushiriki Meza ya Bwana?

Nauliza kwa sababu mwenzangu ofisini, aliyenitangulia kuhamia, amenitahadharisha: "Lile ni kanisa la Wagogo. Leo watakupa kuku, mwaka wa tano bado watakuita mgeni."

Kijana wa Area C

Karibu Dodoma kaka. Jogoo ni chambo tu. Jumapili ijayo mnadishaji atakuwa anakutazama wewe, kwa hiyo nenda na noti ndogo ndogo.

Mambo ya historia waachie wazee, wapo humu.

Mwalimu Mstaafu, Mvumi

Marahaba mwanangu, na kwa kuwa sasa uko Ugogo: mbukwenyi.

Nimefundisha historia mpaka nikastaafu, na baba wa baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa enzi zile mwalimu mmoja anafundisha kusoma siku za juma na kuongoza ibada Jumapili. Kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Mwenye haraka apite.

Ukiwauliza watu wa dayosisi watakuanzishia mwaka 1927, Dayosisi ya Central Tanganyika ilipomegwa kutoka Mombasa na kupewa askofu wake wa kwanza, George Chambers, Mwaustralia. Ni sahihi kwa upande wa makaratasi. Mimi huanzia kwenye maji.

Karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda bara ilipumzika Mpwapwa. Palikuwa na maji na chakula. Mbele yake ilikuwepo Marenga Mkali, nyika ambayo msafara uliivuka kwa kukaza mwendo, na baada ya hapo ndiyo unaingia kwa watemi wa Kigogo wanaotoza hongo, yaani ushuru wa kupita. Wasafiri wa Kizungu waliisema vibaya sana hongo ile, babu zetu wakaandikwa kama wanyang'anyi. Nilikuwa nawauliza wanafunzi wangu: msafara wa mamia ya watu ukifika kijijini kiangazi, ukanywa, ukachota, ukajaza vibuyu, ng'ombe wa wenyeji watanyweshwa wapi kesho yake? Hongo ilikuwa bei ya maji. Aliyeelewana na mtemi alipita salama na akauziwa uwele. Na wapagazi wengi wa misafara hiyo walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa kwenu huko, kwa hiyo wewe si wa kwanza kufika hapa na mzigo.

Katika njia hiyo ndimo CMS, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, kilipopitia mwaka 1876. Naomba hili lisikupite: hawakuwa wanakuja kwetu. Safari yao ilikuwa ya Buganda kwa Kabaka Mutesa, baada ya barua ya Stanley ya 1875 kuchapwa gazetini London. Mpwapwa waliitaka iwe kituo cha njiani. Alexander Mackay, yule fundi Mskoti, aliugua njiani akarudishwa pwani, kisha 1877 akasimamia ufyekaji wa barabara toka Saadani hadi Mpwapwa, maili 230 hivi. Mwaka 1878 ndipo kituo cha Mpwapwa kikasimama sawasawa, na daktari Edward Baxter akawa miongoni mwa waliokaa.

Kwa hiyo kanisa hili liliingia Ugogo kama mgeni, tena mgeni aliyekusudia kupita. Lilihitaji kiwanja, maji, chakula, na mtu wa kulifundisha lugha. Wenye kuvitoa walikuwa wenyeji ambao hawajabatizwa hata mmoja. Nikisikia watu wanasema wamisionari walituletea ukarimu, huwa nacheka. Walileta mengi ya maana, na kusoma kwangu ni matunda yao, lakini hilo walilikuta.

Kutoka Mpwapwa walienda Kisokwe na Mamboya, baadaye Mvumi, Kongwa, Buigiri na Dodoma. Tena zamani misheni za Kiprotestanti zilikuwa zinagawana maeneo ili zisigongane: Ugogo wakashika CMS, Singida wakashika Walutheri. Ndiyo sababu ya vibao vyako vya barabara ya Kongwa, na ndiyo sababu ukivuka kuelekea Iramba vibao vinabadilika.

Sasa kuna kipande ambacho vijana wetu hawafundishwi. Vita vya 1914 vilipoanza, Wajerumani waliwakamata wamisionari wa Kiingereza wakawaweka kizuizini, wengine kule mlimani Kiboriani, juu ya Mpwapwa, hatimaye Tabora. Waalimu wa Kiafrika nao wakakamatwa kwa tuhuma za kuwasaidia Waingereza, na wao hawakupewa heshima ya mfungwa Mzungu: walifungwa minyororo, walipigwa, wako waliokufa. Vita vikaisha, ikaingia Mtunya, njaa ya 1918 hadi 1920, ambayo kwa Wagogo ndiyo kipimo cha njaa zote. Vijiji vilisambaratika, watu wakawa wageni kwa watu. Waliolirudisha kanisa kwenye miguu yake ni waalimu weusi walionusurika, kina Andrea Mwaka, mmoja wa makasisi wetu wa kwanza Waafrika. Ukiona shule ya Canon Andrea Mwaka hapo mjini, jina ni la huyo. CMS ya Uingereza kwa wakati huo fedha zilikuwa zimeipungukia, ikafikiria kuondoka kabisa Tanganyika. Waaustralia ndio waliochukua mzigo, na hapo ndipo Chambers na ule mwaka 1927 wanapoingia kwenye hadithi.

Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu pale mjini lilijengwa enzi za Chambers, la mawe, lina kuba. Wageni wanaoshuka kwenye basi wapo wanaodhani ni msikiti, na sioni ubaya wowote, mradi wakiingia wanapewa kiti.

Kuhusu "kanisa la Wagogo". Vijijini ibada ni ya Kigogo, ni kweli, na mgeni atapata taabu kidogo kwenye mahubiri. Ila mwambie mwenzako atazame majina. Askofu wa kwanza Mwafrika wa Kianglikana katika Tanganyika, aliyewekwa wakfu 1955 kuwa msaidizi katika dayosisi hii hii, anaitwa Yohana Omari. Aliutoka Uislamu, na jina la Omari akabaki nalo mpaka uaskofu. Sekondari ya Alliance hapa Dodoma, iliyokuja kuitwa Mazengo, ilikuwa ya misheni za Kiprotestanti kwa pamoja, wakasoma humo watoto wa makabila yote. Leo majengo yale ndiyo Chuo Kikuu cha St John's, tangu 2007. Buigiri wakafungua shule ya watoto wasioona mwaka 1950, wakati wazazi wengi walikuwa wanamficha ndani mtoto wa namna hiyo. Hombolo wakawatunza wenye ukoma. Mimi mapokezi nayapima zaidi kwa Buigiri na Hombolo kuliko kwa makofi ya Jumapili, kwa sababu kumpigia makofi ofisa wa serikali aliyevaa shati la kupiga pasi hakumgharimu mtu chochote. (Usikasirike, shati umelivaa, najua.)

Mnada nao una sababu yake. Ugogo fedha taslimu ilikuwa adimu, mtu anatoa alichonacho: debe la uwele, kuku, yai moja. Kitu kinanadiwa nje, kinageuka fedha. Anayenunua anaweza kukirudisha kinadiwe tena, au akamzawadia mtu. Mjane aliyeleta yai anaona yai lake linashindaniwa na watu wenye magari, likauzwa bei ya trei nzima. Kwangu mimi ile ndiyo sehemu bora ya ibada, ingawa mchungaji wetu hapendi nikisema hivyo.

Binti wa Masasi

Shikamoo mwalimu. Naongezea kwa yule aliyeuliza kama ni Waanglikana wote.

Mimi ni Mwanglikana wa kuzaliwa, Masasi, upande ulioanzishwa na UMCA, misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza. Kwetu kuna uvumba, kengele, joho za rangi, na kasisi anaitwa padre. Nilipofika Dodoma kikazi nikaingia ibadani nikadhani nimepotea njia nikaingia kwa walokole: hakuna uvumba, mahubiri marefu, watu wanatoa ushuhuda, mapambio. Niliuliza kabisa mlangoni, "Hapa ni Anglikana kweli?" Wazee wakacheka, wakanieleza kuhusu CMS na uamsho. Ni kanisa moja, jimbo moja tangu 1970, lakini malezi mawili.

Kwetu Masasi mgeni anapokelewa pia, ila kwa utaratibu: unafuatwa baada ya misa, taratibu, na mzee mmoja. Kusimamishwa mbele ya watu wote nilikukuta huku. Kwa mtu mwenye aibu kama mimi ilikuwa mateso. Mwalimu, hilo mngelitazama, siyo kila mgeni anataka kuimbiwa. Wengine wanakuja kanisani wamefiwa, wamefukuzwa kazi, wanataka kukaa tu.

Jambo lililonifanya nibaki ni lingine. Kwa mara ya kwanza nilipokea ushirika kutoka mkononi mwa kasisi mwanamke. Enzi za Askofu Mhogolo dayosisi hii ilitangulia kukubali wanawake kuwa makasisi, wakati dayosisi nyingine ndani ya kanisa letu hilohilo zilikuwa zimekataa. Nililia, sikujua kwa nini.

Mjukuu wa Wake Watatu

Mwalimu umesema vizuri, lakini umepita mbali na nyumba yetu.

Babu yangu alikuwa na wake watatu. Kanisa la kijijini kwetu lilipojengwa, miti ya paa ilikatwa na kuburutwa na ng'ombe wake. Alitaka ubatizo. Akaambiwa abaki na mke mmoja. Akauliza, "Hawa wengine nimewatolea ng'ombe, wamenizalia, niwapeleke kwa nani?" Hakujibiwa la maana. Bibi yangu, mke wa tatu, alibatizwa. Babu hakubatizwa. Kila Jumapili alimsindikiza, akakaa benchi la nyuma, watu wakienda mezani yeye anabaki peke yake na watoto wadogo. Alikufa hivyo. Mazishi yake mwinjilisti alikuja kama jirani, bila kanzu.

Ndipo nasikia kanisa lenye mapokezi. Kuku mnatoa. Babu yangu naye alistahili kiti.

Mwalimu Mstaafu, Mvumi

Mjukuu, habari hiyo naifahamu, sina haja ya kuipinga. Kila ukoo wa Kigogo una babu wa namna hiyo, na wangu upo.

Sheria ile haikutungwa Mpwapwa. Mkutano wa maaskofu wa Kianglikana duniani, Lambeth, ulipitisha mwaka 1888 kwamba mume wa wake wengi asibatizwe, akae kama mwanafunzi wa imani mpaka hali yake ibadilike. Wake zake wangeweza kubatizwa katika hali fulani, kwa uamuzi wa viongozi wa mahali. Ndiyo sababu bibi aliingia na babu akabaki nje, katika ndoa ileile. Mwaka 1988 mkutano huohuo ukaamua kwamba mtu wa namna hiyo anaweza kubatizwa na kupewa kipaimara pamoja na wake zake na watoto walioamini, kwa ahadi kwamba hataongeza mke mwingine, kanisa la mahali likiridhia, wala asilazimishwe kuwaacha wake alionao, maana wangebaki bila pa kuegemea. Hoja aliyoitoa babu yako kijijini iliwachukua maaskofu miaka mia moja kamili kuifikia, na wao walikuwa na vyuo vikuu.

Ngoma nayo ilikuwa hivyohivyo. Kulikuwa na wakati mkristo akionekana ngomani anatengwa na Meza. Leo akina mama wanapiga muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, mbele ya madhabahu na askofu anatikisa mabega. Sijui waliotengwa wakati ule wangesema nini.

Binti wa Masasi, la wageni kusimamishwa umelisema vema. Nitalipeleka kwenye baraza la wazee, japo najua mmoja atapinga, yule anayependa kushika kipaza sauti.

Mgeni wa Ihumwa

Nashukuru sana wazazi wangu, hata wewe Mjukuu. Sikutegemea somo zito namna hii. Shati nimekubali, mwalimu.

Bado lile la Meza. Na je, nikitaka kuhamia moja kwa moja, nabatizwa upya? Sisi AIC tunazamishwa kwenye maji mengi, na sitaki mtu aniambie ule haukuwa ubatizo.

Mwalimu Mstaafu, Mvumi

Hakuna atakayekubatiza mara ya pili. Aliyebatizwa kwa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu amebatizwa, yawe ya ziwani kwenu au ya beseni letu. Meza: kwa desturi ya huku, mshiriki wa kanisa lake aliye katika hali njema nalo anakaribishwa. Mwone mchungaji kabla ya ibada umwambie, ni adabu tu. Ukitaka kuhamia kabisa, omba barua ya utambulisho kwa mchungaji wako wa Sengerema. Utafundishwa kidogo, askofu akija kwenye ziara utapewa kipaimara pamoja na watoto wa darasa, utakuwa mrefu kuliko wote kwenye mstari, zoea.

Halafu usikae na ibada ya Jumapili peke yake. Uliza jumuiya ya mtaani kwako inasali nyumba ya nani, na siku gani. Kule hakuna makofi, kuna mkeka na chai, na ukiugua hao ndio watakaojua kabla ya ofisi yako.

Na yule mwenzako wa "mwaka wa tano bado mgeni" mwulize swali moja: hapo anaposali, uchaguzi wa wazee wa kanisa ulifanyika lini mara ya mwisho, na alikwenda kupiga kura? Kwetu mweka hazina ni Mha wa Kasulu, alikuja na kazi za reli. Kigogo hajui, ila hesabu zake hazijawahi kupishana hata shilingi, na uchaguzi uliopita alitaka kupumzika, wajumbe wakamkatalia.

Kijana wa Area C

Huyo Mha ndiye pia mnadishaji wetu wa zamani. Kanisa zima lilikuwa linamwogopa, alikuwa anakutaja jina ukiwa umejificha nyuma ya nguzo.

Mgeni wa Ihumwa

Barua nimeiomba leo kwa simu. Mchungaji wa Sengerema kauliza, "Huko kwa Wagogo wamekulisha nini mpaka uhame?" Nimemjibu mlenda.